Mwaka wa Cheni Mpya, Njia ya Mgeta

Sijamaliza hata mwezi tangu nikabidhi spana zangu, na tayari hamnipi nafasi ya kupumzika. Kila nikipita gerejini mnaniuliza: Mama Mwanaidi, ilikuwaje mwaka ule wa cheni? Maana kila mtu ana yake. Wapo wanaosema pikipiki ziliingiwa na mashetani pale juu ya Mlali. Wapo wanaosema mimi fundi ndiye niliyezichezea, ili mzee wangu ashinde. Haya, nimekaa kitako, nawaandikia yote tangu mwanzo, ili mkibishana mbishane juu ya jambo lililotokea. Nilipanda daraja lini na nililipwa kiasi gani, hayo hayawahusu, na mengine nimeyasahau mwenyewe.

Nilianza kazi kwenye gereji ya mabwana shamba, hapa hapa Morogoro mjini, msichana mwembamba ndani ya ovaroli ya mtu mnene. Siku ya kwanza mkuu wa gereji aliniona mlangoni, akafurahi, akanionyesha birika na jiko la mkaa. Alidhani hatimaye ameletewa mtu wa chai. Nikabaki nimesimama na birika mkononi, sijui nicheke au nilie. Kwenye kona kulikuwa na fundi mmoja mfupi, Mluguru wa Mgeta, amechuchumaa mbele ya injini. Hakuinua hata kichwa.

"Mtu aliyekuja na spana zake mwenyewe mfukoni hakuja kupika chai," akasema. "Njoo hapa, binti."

"Shikamoo."

"Marahaba. Shika hapa, inadondoka."

Nikashika. Huyo ndiye Bonifasi Mkude, mwalimu wangu, na ninyi mliomjua akiwa mkongojo mkononi mmepata nusu tu ya uhondo. Chai alipika mkuu mwenyewe siku ile, tena mbaya.

Mzee Mkude alinifundisha kusikiliza kabla ya kufungua. Ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, ukimya. Na kabla ya hapo, kumsikiliza mwenye mashine. Kuna bwana shamba mmoja wa Dakawa aliyetutesa miezi. Pikipiki yake ikienda Dakawa haina neno. Ikirudi inazimika njiani, inapumzika, inawaka, inazimika tena. Tulifungua kabureta, tukabadilisha plagi, tukasafisha tangi. Wapi! Mwisho Mzee Mkude akamkalisha kwenye benchi kama mgonjwa.

"Ukirudi unabeba nini?"

"Mchele kidogo wa nyumbani."

"Unauweka wapi?"

"Nyuma kunajaa. Nauweka mbele, juu ya tangi."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Gunia lilikuwa linaziba kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi, petroli inakosa pumzi, haishuki. Hatukubadilisha kitu hata kimoja. Tulimwambia tu mchele aupakate mkewe.

Miaka ile ilikuwa ya ukosefu, na hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu kisa cha cheni kimeanzia hapo. Spea hazikuwapo. Tangi likitoboka tuliziba kwa sabuni ya mche, tukiipata sabuni yenyewe. Gasketi tulikata kwenye maboksi ya viatu. Cheni ya pikipiki moja ilikuwa na pingili za pikipiki tatu zilizokufa, na ikirefuka kwa uchovu tunapunguza pingili moja, safari inaendelea. Meno ya spoketi, yale magurudumu mawili yanayozungukwa na cheni, yalilika yakawa membamba na yamepinda. Lakini cheni nayo ililegea polepole pamoja nayo, kwa hiyo vilikuwa vimezoeana, vinakwenda. Nilifanya kazi miaka mingi bila kushika cheni mpya. Picha yake niliiona kwenye kitabu cha ufundi.

Baadaye ofisi ikaziuza zile mashine kuukuu, na walionunua ni wale wale waliokuwa wamezipenda. Na mitaani kulikuwa na nyingine: za mashamba ya mkonge, za misheni, za wakati wa Mwingereza. Tukaunda chama, Chama cha Tukutuku Kongwe. Alikuwemo Hamisi fundi cherehani, alikuwemo Mwalimu Theresia wa shule ya msingi aliyerithi pikipiki ya baba yake katekista, na wengine tuliotosha kujaza ua wa Mzee Mkude. Mimi nikawa fundi wa chama, kazi niliyoishika mpaka mwezi uliopita.

Desturi yetu mnaijua, ila mnaijua kama watu wanaojua ukoka wa barazani, wa kukanyaga tu. Kila mwaka mvua za masika zikiisha, tunapanda Nyandira kwa msafara. Mashine kongwe kuliko zote inakaa mbele, hata kama inatembea kama inayotafuta sindano, na hakuna wa kuipita. Fundi anakaa mwisho kabisa, anaokota waliozimikiwa. Kongwe ilikuwa ya Mzee Mkude, ya Kiingereza, silinda moja, aliyouziwa na padre aliyekuwa anarudi kwao. Na kule juu ni nyumbani kwake. Basi alikuwa akipanda taratibu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unasalimia kila anayelima kabeji kando ya barabara. Watu wa kwao walikuwa wanamsubiri siku hiyo kama wanavyosubiri harusi. Nyuma tukianza kumpigia honi, alikuwa akigeuka na kupaza sauti: "Msinipigie honi! Mwenye haraka angenunua mashine kuukuu zaidi!"

Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia bidhaa za nje ziingie, nyingi kutoka Dubai. Sijui niwaelezeje furaha ile, ninyi mliozaliwa maduka yamejaa. Siku moja napita karibu na soko, naona duka la Bwana Salum Kibwana, ambaye zamani aliuza viberiti na chumvi ya mawe, limejaa spea. Plagi kwenye maboksi yake! Nyaya za klachi zimening'inia mlangoni! Nilifungua pakiti ya ringi za pistoni, bado zina karatasi yake ya mafuta, nikazinusa. Nililia pale dukani, na sioni aibu kuandika. Salum akanipa kiti.

Salum alikuwa mwenzetu, na tukutuku lake la Kijerumani lilikuwa zuri kuliko yote. Mwaka huo tukamchagua mwenyekiti, kwa sababu alikuwa na nguvu na alikuwa na simu. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamsimulia hivyo. Alikuwa amelewa tu na upepo mpya, kama sisi sote. Kwenye mkutano wake wa kwanza alisimama na kusema mambo matatu. Pikipiki mpya za Kijapani ziruhusiwe kujiunga. Safari ya Nyandira isiwe msafara tena, iwe mashindano, na mshindi atatangazwa kwa filimbi ya mwenyekiti mbele ya geti la misheni. Na mashine itakayokuwa haijafika kengele ya adhuhuri ya kanisani ikilia, mwenyewe kuanzia hapo atakuwa mwanachama wa heshima: mwaka unaofuata atapandishwa kwa pikapu, akae kivulini, anywe soda.

Hakuna aliyemtazama Mzee Mkude, na sote tulikuwa tunamfikiria yeye. Mashine yake kwa mwendo wake ilikuwa inafika Nyandira kengele imeshalia zamani na watu wamekwisha kula.

Mwalimu Theresia akasimama. "Bwana mwenyekiti, sisi wanachama tuna wasiwasi na mwelekeo wa chama."

"Mwelekeo ni mbele, Mwalimu."

"Mbele wapi?" akauliza Hamisi. "Mbele ya nani? Chama cha kongwe, mnamtoa kongwe!"

"Simtoi mtu! Nasema heshima, soda, kivuli..."

"Soda anywe kwake!"

Kelele zikapanda. Mmoja anasema tujitoe, mwingine anasema dunia imebadilika, mwingine anadai mwenyekiti anataka kutuuzia spea tu. Salum akapiga filimbi. Tukamcheka, na kwa kicheko hicho tukapata nafasi ya kumgeukia Mzee Mkude. Nilikuwa nimejiandaa kumwona ameumia. Nilimkuta anatabasamu mpaka gego la mwisho.

"Mimi nataka kushindana," akasema.

"Mzee?"

"Miaka yote nimekaa mbele na sijawahi kumshinda mtu! Mbele ya kupewa. Nataka nione nikitafuta mwenyewe."

Nilimfuata hadi kwenye pipa la maji. Nikamwambia, Mzee, ukishindwa mwakani utakwenda kwenu nyuma ya pikapu, katikati ya matenga, na dada zako wanakuona. Akaniambia, "Sishindwi. Hukusikia habari ya cheni?"

Habari ya cheni ilikuwa hivi: Salum, ili kutuliza wasiwasi, aliahidi kumpa kila mwanachama cheni mpya kutoka dukani kwake, zawadi. Akatimiza. Wiki ile sikulala vizuri kwa raha. Zilikuja zimekunjwa kwenye maboksi, zinang'aa, hazina hata pingili ya kuokoteza. Nilifunga moja baada ya nyingine, na kila mwenye mashine alikuja kusimama pembeni na kunitazama kama ninamvalisha bibi harusi. Mzee Mkude aliifunga ya kwake mwenyewe, kisha akalizungusha gurudumu kwa mkono nusu saa nzima. Zile za zamani kila mtu alichukua yake, si mnajua watu wa ukosefu hatutupi. Hamisi alifungia geti. Mzee aliituma ya kwake kwa lori la mboga kwa dada yake Agata, kule mlimani karibu na Nyandira, ambaye alikuwa na nguruwe mtafuna kamba.

Siku ya safari tulitoka mjini asubuhi jua likiwa changa. Jamani! Sijapata kuona watu wazima wakiwa na furaha ile. Mpaka Mzumbe, mpaka Sangasanga, barabara ni tambarare, na mashine zililia kama zimerudishiwa ujana. Nilikuwa mwisho, kama desturi, na mbali mbele yangu nilimwona Mzee Mkude anampita Mwalimu Theresia. Anampita! Tena anampigia honi yeye! Nilipiga kelele peke yangu ndani ya vumbi.

Tulipopita Mlali mlima ukaanza. Na mlima ulipoanza nikasikia sauti ya ajabu mbele: ka, ka, ka, kama mtu anavunja magunzi. Kwenye kona ya kwanza nikamkuta Hamisi amesimama kando, analaani. Akipiga moto, cheni inaruka juu ya meno, gurudumu halivutiki. Kona ya pili Mwalimu Theresia. Kona ya tatu wawili. Nikachuchumaa, nikatazama, na jibu likaja lote kwa mpigo mpaka nikakaa chini.

Cheni mpya ina pingili zilizokaza. Meno yetu ya spoketi yalikuwa yamelika na kupinda kwa miaka. Cheni kuukuu ilikuwa imelegea kiasi cha kuyafaa. Hii mpya ilikuwa haiyaelewi. Kwenye tambarare ilivumilia, lakini mlimani, uzito ulipokuja, ikawa inapanda juu ya meno na kuruka. Cheni na spoketi zake mbili hubadilishwa pamoja, vijana, hiyo mmefundishwa siku ya pili. Sisi hatukuwa na siku ya pili. Hakuna kati yetu aliyewahi kuwa na cheni mpya ya kukosea nayo, si mimi, si Mzee Mkude aliyezeekea kwenye spana, si Salum aliyeziuza.

Nikawaambia wasukume tu, hakuna dawa hapa. Nikaendelea kupanda nikiisukuma yangu, nayo ikiruka vile vile, na juu, mahali penye mwinuko mkali kuliko pote, nikawakuta wawili wa mwisho. Salum amesimama na tukutuku lake la Kijerumani, filimbi shingoni. Na Mzee Mkude ameketi juu ya jiwe, cheni yake imekatika kabisa, ameishika mapajani. Mashine ameipa mgongo. Tangu siku ya birika sikuwahi kumwona mtu yule akiipa mashine mgongo, na moyo uliniuma sana.

Nyuma yangu ikaja pikapu ya chama, iliyobeba maji na sufuria. Dereva, kwa wema wake wote, akateremka na kufungua mlango wa nyuma.

"Karibu, Mzee. Nafasi ipo hapa kwenye matenga."

Mzee aliutazama ule mlango. Kisha akageukia mlimani, kwenye matuta ya kabeji, akapiga ukelele wa kwao uliozunguka bonde lote: "Agataaa!"

Mama mmoja akainuka katikati ya mboga, jembe mkononi.

"Ile cheni iko wapi?"

"Si imemfunga mnyama!"

"Mfungue, uilete!"

"Nimfungue, halafu? Nitamfunga na nini, akamalize kabeji zangu?"

Wakatazamana, kaka na dada, bonde zima katikati yao. Salum ndiye aliyeelewa kwanza. Alitoa cheni yake mpya kwenye mashine, akakung'uta vumbi, akaanza kupanda matuta akiwa ameishika mbele kama zawadi. Hivyo ndivyo nguruwe wa Mama Agata alivyokuwa wa kwanza, na kwa mwaka ule wa pekee, njia ya Mgeta nzima, kufaidi spea za ruksa.

Sasa, mimi ni Mwislamu, na ile cheni kuukuu aliyoshuka nayo Mama Agata ilikuwa imetoka shingoni mwa nguruwe. Niliwaeleza hivyo bila kuzunguka. Mzee akasema haina shida, atafunga mwenyewe, mimi nisimame mbali nitumie mdomo. Basi nikawa fundi wa mdomo.

"Legeza nyuma kwanza. Vuta. Sasa mbona unakaza huko?"

"Binti, nilikufundisha mimi."

"Ndiyo, Mzee. Na sasa kaza."

Akapiga kiki. Ikawaka. Akaisukuma kidogo, cheni ikakaa kwenye meno yake kama iliyorudi nyumbani kutoka safari, hakuna ka, hakuna nini. Nilirukaruka kama mtoto. Na kengele ilikuwa bado haijalia!

"Panda, mwenyekiti," Mzee akasema.

"Mimi?" Salum aliitazama ile cheni.

"Filimbi unayo wewe. Nikifika peke yangu nani atanitangaza?"

Salum akapanda nyuma, magoti ameyainua juu kuliko inavyohitajika. Wakaondoka. Mimi nikabaki kuwasubiri wa nyuma, na tukaanza kupanda wote, wanasukuma, wanapumua, wananitukana mimi na Salum na Dubai. Yaliyotokea mbele nilisimuliwa na Salum mwenyewe. Anasema kwenye kona ya mwisho, geti la misheni linaonekana kabisa, watu wa Nyandira wamejipanga wanashangilia, Mzee Mkude alisimama.

"Twende, Mzee! Kengele!"

"Na wale?"

"Wapi wale?"

"Geuka."

Salum akageuka. Ile kona inatazama chini, inaonyesha njia yote. Akatuona mmoja mmoja, tukiwa tumeinamia mashine zetu, na mwisho kabisa kitambaa changu chekundu cha kichwani. Wakakaa pale wakitusubiri. Kengele ikalia, ikamaliza. Mzee Mkude, aliyetaka kushinda kuliko mtu yeyote, hakutikisika.

Tulipofika ndipo akawasha tena, akatangulia kwa mwendo wake ule ule, mkono mmoja unasalimia, na sisi nyuma yake mpaka getini. Salum akateremka. Akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote.

"Kengele imeshalia, mwenyekiti," Hamisi akasema kwa sauti ya chini.

"Kengele ni ya kanisa. Ya chama ni filimbi, na ndiyo kwanza imelia." Kisha akatugeukia, jasho linamtoka. "Mliniuliza chama kinaelekea wapi. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa mbele, jamani. Leo nimekaa, nimegeuka, nimewaona wote. Mzee, ukae pale pale ulipokuwa. Hao Wajapani waje, ila waje nyuma yako."

Mwalimu Theresia alimkumbatia mbele ya mapadre. Tulikula viazi na kabeji mpaka jioni, na wiki iliyofuata Salum akaleta spoketi.

Ndivyo ilivyokuwa, na hakukuwa na shetani yeyote. Mzee Mkude aliongoza mpaka magoti yalipomkatalia, na alipotutoka, mwanawe Kosmasi akaiendesha ile mashine mbele yetu. Mimi nikaendelea mwisho. Miaka yote hiyo, vijana wangu, nimeona migongo yenu na moshi wenu. Sikulalamika, ndiyo kazi ya fundi.

Jana Kosmasi alikuja nyumbani. Alikuja anaisukuma, ameisafisha, akaiegesha mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imeharibika nini?"

"Haijaharibika. Jumamosi tunapanda Nyandira, na fundi mpya ndiye anayekaa mwisho. Wewe umestaafu. Baba angeniuliza mbona hujakaa mbele."

Nimeshinda leo nzima naizunguka, nimepima cheni mara ngapi sijui. Jumamosi nitakuwa mbele. Nitakwenda taratibu, maana nina watu wengi wa kuwasalimia, na pale kona ya mwisho nitasimama na kugeuka, niwaone nyote. Kwa hiyo nawaomba mapema: msinipigie honi.